Sajini Mwongeli na Bastola Tatu

Mtu anayetaka mpini wa nyundo kwa Mzee Muoki, pale Kaloleni, haulizwi kwanza anataka mti gani. Anapewa donge la udongo uliolowa na kuambiwa alishike kama anavyoshika kazi yake. Mzee huligeuza donge lile, hupima kwa uzi pale vidole vilipozama, ndipo anapochukua tezo. Binti yake Mwongeli alianza kumkandia udongo huo akiwa darasa la tatu, na kwa miaka mingi aliamini kwamba mafundi wote duniani hufanya hivyo.

Leo ana miaka thelathini na minane na ni sajini, fundi wa silaha. Kazi yake ni kuzifungua, kuzisafisha na kuzirekebisha bunduki ambazo wengine huzibeba. Ni mwanamke wa maneno machache, mwenye mikono mipana kama ya baba yake. Silaha haitoki katika ghala lake kabla hajaivuta kifyatulio ikiwa tupu mara tatu, akiisikiliza.

Jeshi lilipotaka bastola mpya ya kuvaliwa kiunoni, Mwongeli aliwekwa katika kamati ya majaribio ya watu watano. Zililetwa bastola tatu, majina ya watengenezaji yakazibwa kwa utepe mweusi, zikaitwa Moja, Mbili na Tatu. Zilitumbukizwa topeni, zikafukiwa mchangani, zikaangushwa kwenye saruji. Tatu ilianza kukwama siku ya pili, ikawekwa kando. Kisha wakaletwa wapigaji ishirini wa timu ya shabaha, na Namba Moja ikaiacha Mbili mbali. Mwongeli mwenyewe aliweka risasi kumi za Moja ndani ya duara lisilozidi sahani ya kikombe. Aliipenda bastola ile. Ilikaa mkononi mwake kana kwamba ilichongwa nyumbani kwao.

Mwenyekiti wa kamati, Meja Mulama, akatangaza kwamba ripoti ingeondoka Alhamisi iliyofuata ikiwa na sahihi tano. Mwongeli angeitia yake siku hiyohiyo, kama si Koplo Everline Nabiswa.

Everline alikuwa muuguzi wa zamu uwanjani, ameketi na mkoba wake wa huduma ya kwanza. Wapigaji walipokuwa wakikusanya maganda ya risasi, alisogea.

"Sajini, na mimi nijaribu? Si ndiyo nitakayovalishwa?"

"Wewe kazi yako ni bendeji," mmoja wa timu ya shabaha akamtania. "Ukipiga, utamfunga nani?"

"Nitakufunga wewe mdomo."

Walimcheka, wakampa Namba Moja. Kati ya risasi zake kumi, nne hazikugusa hata ubao, na nyingine zilikwenda zote kushoto. Kicheko kikazidi. Mwongeli hakucheka. Alikuwa akiutazama mkono. Ili kidole chake kifike kwenye kifyatulio, Everline alilazimika kuizungusha bastola, mgongo wa mpini ukaacha kiganja na kuegemea mfupa wa kidole gumba. Hakuwa mpigaji mbaya. Alikuwa ameshika kitu cha mtu mwingine.

Jumamosi, Kaloleni, alimweleza baba yake huku akimshikia mti wa mpini usicheze.

"Hao ishirini," Mzee Muoki akauliza, "ndio watakaozivaa?"

"Hapana, Baba. Wao wana bunduki kubwa. Bastola ni ya madereva, wauguzi, polisi wa jeshi, maofisa."

"Na hao hamkuwauliza?"

"Hatukuwauliza."

Mzee akapiga tupa mara mbili tatu. "Na mshahara mnalipwa?"

Mwongeli akacheka, lakini usiku ule usingizi ulimpaa. Faili yake ya kupandishwa cheo, aliyoingoja miaka mitano, ilikuwa juu ya meza ya Meja Mulama. Kuigomea ripoti ya meja ni njia rahisi ya kuifanya faili iende chini ya nyingine. Na alichokuwa akikitetea hakikuwa hata bastola aliyoipenda.

Jumatatu alifika langoni mwa kambi akiwa na ndoo ya udongo.

"Sajini, unajenga?" mlinzi akauliza.

"Najenga."

Kufikia saa nne alikuwa mbele ya meja, ndoo miguuni.

"Sajini Mwongeli, hii ni kamati ya silaha au ni shule ya chekechea?"

"Ni kamati ya silaha, afande. Ndiyo maana sijatia sahihi."

Meja aliitazama ndoo, kisha akamtazama yeye. "Unajua faili yako iko wapi?"

"Iko mezani kwako, afande."

Mwongeli akaeleza alichotaka kupima kwa udongo ule, na mikono ya nani. "Una kesho na keshokutwa," meja akasema. "Alhamisi ripoti inaondoka. Ikichelewa, nitaandika ni kwa sababu ya nani."

Siku hizo mbili Mwongeli alizitumia kama fundi anayelipwa kwa kipande. Aliita watu sitini, wote wa kazi zinazovaa bastola, kila mmoja akaminya donge na kuandika jina lake chini kwa kijiti. Dereva mmoja akauliza kama chapati hizo wangepikiwa. Mwongeli alipima kwa uzi, kutoka kiganjani hadi kifundo cha kwanza cha kidole cha shahada. Watu ishirini na watatu hawakukifikia kifyatulio cha Namba Moja bila kuizungusha. Namba Mbili ilikuja na vipande vitatu vya kubadilisha mgongo wa mpini, kikubwa, cha kati na kidogo, na katika majaribio yote hakuna aliyekiondoa kile cha kati. Jumatano wale ishirini na watatu walipiga zote mbili, na Mbili ikawatii zaidi. Everline, akiwa na Mbili yenye kipande kidogo, aliweka tisa ubaoni na kumtafuta kwa macho yule mtani wake.

Meja Mulama alisoma karatasi za Mwongeli akiwa amesimama. Akafika kwenye jina la mwisho, la Mwongeli mwenyewe.

"Wewe mwenyewe umepiga vizuri zaidi kwa Moja."

"Ndiyo, afande. Tena kwa tofauti kubwa."

"Na unapendekeza Mbili."

"Mimi ni mmoja, afande."

Meja aliketi. Aliichana ripoti ya kwanza, akaagiza ichapwe nyingine, na Alhamisi ikaondoka na sahihi tano. Kuhusu faili hakusema neno, na Mwongeli hakuuliza. Hadi leo ni sajini.

Bastola zilipofika, Everline alikuwa wa kwanza kwenye dirisha la ghala. Alianza kueleza kwamba mkono wake ni mdogo, asije akapewa yoyote tu.

"Najua," Mwongeli akamkatiza.

Nyuma yake, kwenye rafu, madonge sitini yalikuwa yamekauka, yamepangwa kwa majina. Alilichukua la Everline, akaweka uzi, akafunga kipande kidogo kwenye mpini. Akaivuta bastola ikiwa tupu mara tatu, akisikiliza, kisha akaisukuma dirishani.

"Shika."

Everline akashika. Kidole kikafika.