Maiki ya Simu ya Mama

Wallahi haya siyazushi. Yamenipata mimi mwenyewe, hapa Msambweni, alasiri, jua likiwaka. Laiti yasingalinipata.

Baba alitangulia zamani, kisha tukamzika Mama. Mimi ndiye mkubwa. Niliacha shule mapema nikawa natengeneza simu, ili mdogo wangu Saumu asome. Yuko bwenini, Kinango, na kila Jumapili matroni humpa simu yake anipigie. Sasa simu yangu iliingia maji, ikawa haifai ila kwa waya za masikioni, na maiki ya waya hizo nayo ikafa. Unaelewa? Mimi namsikia, yeye hanisikii.

"Kaka? Haloo? Hata wewe umeniacha?" Akalia mpaka simu ikakatika.

Ungefanyaje? Nilifungua simu ya Mama, iliyokuwa imezimika siku nyingi, nikaitoa maiki yake, kidude kama punje ya mtama, nikaichomelea kwenye waya zangu. Jumapili iliyofuata Saumu akapiga. Kabla sijafungua mdomo nikasikia:

"Shikamoo, Mama."

Niamini, sikuwa nimetamka neno.

"Nimekula, Mama. Maharagwe... Nywele? Alinisuka Kaka, ndiyo maana zimekwenda upande!"

Akacheka. Tangu matanga sikuwa nimemsikia akicheka. Nikasema, "Saumu, ni mimi." Wapi! Alikuwa akijibu maswali nisiyoyasikia. Nikaziba mdomo kwa kiganja, nikasikiliza, machozi yakinitoka. Je, kwangu mimi Mama hana neno?

Ghafla kicheko kikakoma. "Wapi panakuuma, Mama?... Haya, namwambia." Sauti yake ikawa ndogo. "Kaka, Mama asema ufungue pale ulipochomea. Panamuunguza. Asema hapati kulala."

Nikashika mkasi.

"Bado, Kaka! Kidogo tu! Kaka, tafa..."

Nikakata.

Kile kidude nilikifukia kaburini kwa Mama, miguuni, nikanunua waya mpya Ukunda. Saumu bado hupiga kila Jumapili. Husema, "Shikamoo, Kaka," kisha hunyamaza, akisikiliza. Nami hunyamaza, nimwachie. Hapana kitu. Ndipo huniuliza, taratibu, "Umekula?"

Nawe ukikosa maiki, vumilia mpaka upate mpya. Ya marehemu usiiguse, hata ukililiwa vipi. Kumzika mzazi mara moja kunatosha. Sisi tulimzika Mama mara mbili, na mara ya pili mkasi ulikuwa mkononi mwangu.