Mizani ya Rughenda

Mtu wa umri wangu, mwenye digrii mbili na kitambi kimoja, hapaswi kusimulia alivyovuliwa makoti mbele ya abiria wenzake, lakini kwa kuwa waliokuwepo wameshayafikisha hayo mpaka Kirumba, heri myasikie kwangu, angalau mimi sitatia chumvi nyingi.

Nilikuwa namsindikiza binti yangu Masika kuanza chuo Kisangani. Masika ni mnene. Mama yake, mtu wa Beni, ni mwembamba kama muwa, na bado miaka yote nilidai unene ule umetoka kwa ukoo wa mama (wa kwangu mimi niliuita cheo).

Ndege za Rughenda, uwanja wetu wa Butembo, ni ndogo, kwa hiyo kila abiria hupimwa: mizigo kivyake, mwili kivyake, na mzigo ukizidi unauacha. Ndiyo maana sisi watu wa Butembo, wafanyabiashara hata usingizini, mizigo tunaivaa. Nilivaa makoti mawili, na ndani nikaficha fromaji, yaani jibini, ya Lubero, maharagi na vitabu vya Masika. Niliuona uamuzi mdogo tu.

Kwenye foleni Masika akasikia ajenti wa mizani anasoma kilo za kila mtu kwa sauti, ili mwenzake wa mbali aandike. Akagoma kusogea.

"Papa, miye hapana panda pale. Batu bote batasikia. Turudie nyumba."

"Na masomo?"

"Nitasoma hapa hapa."

Na chuo kile alikuwa amekililia mwaka mzima. Nikajua asipopanda mizani leo, kesho atapata sababu nyingine, na keshokutwa atakuwa ameshazoea kubaki. Nikamwambia, "Tazama papa yako," nikapanda kwanza, kifua mbele, nimesahau kabisa nilichovaa.

Mshale ukakimbia. Ajenti akaigusa mizani kwa kiatu, akatazama tena.

"Papa, umekula mutu?"

Akaniagiza nivue. Likatoka koti la kwanza, likatoka la pili, maharagi yakamwagika, fromaji ikabiringika hadi miguuni pa mama mmoja mchuuzi wa vitenge, nami nikapanda tena na shati langu tu. Mshale ukarudi nyuma kidogo, kama kwa heshima, kisha ukatulia.

"Ah bon," akasema ajenti. "Fromaji haina kosa. Ni weye mwenyewe."

Foleni nzima ikacheka, na ndani ya kicheko kile nikasikia cha Masika, ambacho nyumbani kilikuwa kimepotea siku nyingi. Akavua viatu, akapanda bila kuambiwa. Ajenti akasoma kilo zake, na hakuna aliyegeuka, bado walikuwa wananifaidi mimi. Ni yule mama tu, fromaji mkononi, aliyetutazama mmoja baada ya mwingine.

"Huyu hata usiulize baba yake ni nani. Banafanana mpaka ku mabega."

"Sikuombaga, mama, nilipewa tu," Masika akajibu. "Lakini papa alinipatiaga na kichwa ya masomo, basi sitamushitaki."

Rubani akatukalisha mmoja kushoto, mwingine kulia, ili ndege isilale upande. Msitu ulipoanza kupita chini, Masika akaniinamia.

"Papa, kule nitatembeaka na miguu mpaka ku chuo. Na weye utembeake mpaka ku bureau yako ya kazi. Tutaona mwili ya nani itasikia mbele, ipunguke."

Natembea. Mwili bado unafikiria. Lakini nimeapa sitapanda tena mizani nikiwa nimejivika zaidi ya nilichopewa na Mungu, maana hicho peke yake kimetutosha watu wawili.