Mama Chokaa na Ukuta wa Ghala

Kijiji kizima kilimwita Mama Chokaa, hata wanawe. Kila mwaka, wiki mbili kabla ya sikukuu ya mavuno, alipanda ngazi akalipaka chokaa ghala la kijiji, ghala lenye umri mkubwa kuliko mtu yeyote aliye hai. Kazi hiyo alifundishwa na mama mkwe wake.

Mwaka alioumia goti, mwenyekiti wa kamati ya sikukuu alimfuata nyumbani.

"Mama, sasa pumzika. Tumepata rangi ya mafuta, ya kisasa. Tukipaka mara moja, miaka kumi hatugusi."

"Ukuta ule ni wa mawe na udongo, mwanangu. Unapumua. Ukiuziba utatoka jasho."

"Ukuta utoke jasho? Kwani unalima?"

Waliokuwepo wakaangua kicheko. Mama Chokaa akaendelea kupeta maharage.

Rangi ikapakwa, ikameremeta kama sahani mpya. Mvua zikaja, zikapita. Jua liliporudi kuwaka, ukuta ukaanza kufanya malengelenge. Siku kumi na tano kabla ya sikukuu iliyofuata, kipande cha lipu chenye ukubwa wa mlango kikadondoka. Udongo wa nyuma yake ulikuwa umelowa chapachapa.

Mwenyekiti akarudi. Safari hii hakuketi mpaka alipokaribishwa.

"Mama, nilikosa. Tusaidie."

"Nitasaidia. Ila goti langu halipandi ngazi. Utapanda wewe."

"Mimi?"

"Urefu huo wote ni wa nini?"

Basi wakabandua rangi siku tatu, wakauacha ukuta ukauke, wakaziba mashimo kwa udongo. Mama Chokaa akazima chokaa kwa maji kwenye shimo nyuma ya nyumba yake; ikachemka na kufuka mvuke bila moto. Akaichuja, kisha akaketi kwenye kigoda chini ya ngazi na kutoa amri.

"Nyembamba, baba! Unapaka ukuta, hupaki mkate siagi!"

Chokaa ambayo haijakauka haionekani. Mwenyekiti alipomaliza upande wa mbele alikata tamaa kabisa.

"Mama, mbona ni kama maji ya mchele? Tumeumbuka."

"Shuka unywe chai."

Jua likafanya kazi yake. Ukuta ukaanza kung'aa kutoka juu, ukateremka weupe hadi chini, mpaka watu wakafinya macho. Mwenyekiti alisimama na kikombe mkononi, chai ikapoa.

Siku ya sikukuu walifika watu wa vijiji vyote vya jirani. Mgeni mmoja akauliza fundi ni nani.

"Ni yule mama aliyekaa mbele," mwenyekiti akajibu kwa sauti. "Mimi nilikuwa mkono wake tu."

Vigelegele vikapasuka. Wakwe zake wawili, wake wa wanawe, wakamshika Mama Chokaa huku na huku, akasimama wima, akautazama ukuta kutoka paa hadi msingi, kifua mbele.

"Pale kushoto amepaka ovyo," akasema. "Mwakani atarudia."