Shikamoo Kwenye Mtihani wa Ukocha

Nilifelishwa kwa sababu ya shikamoo. Nasema nilifelishwa, sisemi nilifeli, na mwenye kutaka kunisahihisha na aje.

Ninasimamia vyumba na bustani katika hoteli moja hapa Malindi. Wakubwa walipitisha kwamba kila meneja awe na cheti cha ukocha na ulezi wa wafanyakazi. Asiyekipata ataachia kiti. Mimi kazi hii niliianza kwa kutandika vitanda, nikapanda mpaka nikapewa ofisi, na sikuwa tayari kuiachia. Nyumbani Takaungu, mama yangu aliposikia alicheka mpaka akashika ubavu. "Kocha? Wa timu gani, mwanangu? Wewe hata gari likikuacha hulikimbilii!"

Nikamweleza kwamba kocha wa kazini hachezeshi mpira. Anakaa na mfanyakazi, anamwuliza maswali, na mfanyakazi anajitafutia jibu mwenyewe. Kushauri haruhusiwi. "Toba!" akasema mama. "Mtu aje na shida yake aondoke bila nasaha? Si atasema umemdharau?" Nami mwanzoni nilidhani hivyo hivyo. Lakini nilipojifunza niliipenda ile kazi, tena sana. Kumnyamazia mtu mpaka afike mwenyewe anakokwenda ni jambo gumu, na lina raha yake.

Kilichonishinda ni mkufunzi wetu. Kijana kutoka bara, nadhifu, msomi, sikatai. Alitufundisha kwamba katika kikao cha ukocha hakuna mkubwa wala mdogo: mwite mtu kwa jina lake, lengo liwekwe mezani mara tu mnapokaa, salamu ziwe fupi. Shikamoo ndiyo hakutaka kabisa kuisikia. Ati inamweka mmoja juu na mwingine chini.

Haya, nikamtii. Niliyemchagua kumfanyia ukocha alikuwa msimamizi wa bustani, mzee wa Jilore, umri wa baba yangu mdogo. Wakubwa walikuwa wakimnung'unikia: nyasi za kando ya bwawa la kuogelea hazikatwi, na watu anao. Siku ya kikao cha mazoezi nikamkaribisha kwa jina lake, kavu kavu, na kabla hajakaa vizuri nikamwuliza, "Lengo lako leo ni nini?" Alinitazama. Maswali yangu yote akayajibu kwa "ndiyo" na "sawa", akaaga, akaenda zake.

Ijumaa jioni nasikia hodi mlangoni kwangu. Mke wa yule mzee na dada yake, wametoka Jilore, na jogoo kafungwa miguu. Wamekuja kuniomba radhi. Kwa kosa gani? Hawajui! Mzee kafika nyumbani, chakula hakigusi, kasema meneja hamwamkii tena, kwa hiyo kazi imekwisha, na kama ni kufukuzwa afadhali aambiwe alichokosa. Wallahi niliona haya mpaka nikashindwa pa kutazama. Niliwaapia kwamba mzee hakukosa kitu. Wakashukuru, lakini jogoo walikataa kurudi naye.

Basi. Kikao cha mtihani, kile kinachorekodiwa, nikaamua kukifanya nijuavyo mimi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?" Nikayaona mabega yake yakilegea.

Tukaamkiana kama watu. Nikauliza hali ya nyumbani, mvua, mahindi, mguu wa mkewe uliokuwa ukimsumbua. Kisha nikauliza, "Na wakwe, hawajambo?"

Akanyamaza. Nami nikanyamaza kama nilivyofundishwa, ingawa ulimi uliniwasha. Mwisho akasema, "Wakwe tunao hapa hapa, mwanangu. Mmoja mmeniletea bustanini."

Kumbe! Mfanyakazi mpya aliyepewa zile nyasi za bwawa alikuwa ndugu mdogo wa marehemu baba wa mkewe. Kwa miaka ni mdogo wake, kwa heshima ni mkwewe. Atamwagizaje mkwe? Atamkaripiaje, tena mbele ya vijana? Alikuwa akiogopa hata kupita upande ule. Sikumshauri neno. Nilimwuliza anataka iweje, amejaribu nini, nani mwingine anaweza kusema na mtu yule. Akajijibu mwenyewe: mkwe ahamishiwe kwa wasafishaji wa bwawa, wana msimamizi wao. Juma lililofuata nyasi zilikatwa.

Matokeo yakaja: sikufaulu. Mtahini alikuwa yule yule mkufunzi. Aliandika kwamba nilijishusha, nilipoteza muda kwa mazungumzo ya nyumbani, na lengo lilizuka tu bila kuwekwa mezani. Nirudie kikao, salamu zile niziondoe, au nikose cheti. Na kukosa cheti ni kukosa kiti, hilo sikuhitaji kukumbushwa.

Nikakata rufaa. Mameneja wenzangu wakaniona mkaidi. "Rudia tu, shoga, nani atajua?" Nitajua mimi. Atajua na yule mzee, na mara hii sijui wangeniletea mbuzi.

Tukakutana katika ukumbi wa mikutano wa hoteli: mimi, kijana wetu, na mkubwa wake, mama mmoja wa makamo, mkimya. Kijana akaanza kueleza usawa baina ya kocha na mfanyakazi. Nikamkatiza. Ndiyo, nilimkatiza, damu ilikuwa inanichemka.

"Usawa upi? Mimi ndiye nisemaye nani abaki kazini na nani aende. Yeye anajua, na mimi najua. Nikimwita kwa jina lake kavu sikumpandisha, nimemtisha. Shikamoo ndiyo inayonishusha mimi mpaka pale anapoweza kusema nami. Unasema nilijishusha? Nilikusudia! Heshima si utumwa, bwana."

Yule mama akamgeukia kijana. "Hili suala la mkwe lilitokea wapi kwenye kikao?"

Kijana akababaika. "Nilianza kusikiliza baada ya salamu," akasema. "Zilikuwa ndefu."

Alaa! Kwa hiyo nilikuwa nimepimwa kwa kikao kilichokatwa kichwa. Nikawaambia rekodi ichezwe, toka mwanzo, mbele yangu, na kama haichezwi sitoki pale. Ikachezwa. Tukasikia mvua, mahindi, mguu wa mkewe. Tukasikia, "Na wakwe, hawajambo?" Kisha kimya, kimya kirefu, hata yule mama akainua kichwa. Kisha sauti ya mzee, taratibu, ikitaja kile alichokuwa ameshindwa kumwambia mtu yeyote hotelini.

"Lengo hili hapa," yule mama akasema. Akachukua karatasi ya matokeo, akafuta, akaandika upya. Nimefaulu. Sikulia, maana nisingewapa raha hiyo.

Kijana akanifuata mpaka nje ya ukumbi, akanipa mkono. Nikaupokea; hana ubaya. "Hongera," akasema. "Lakini mara nyingine jaribu kuzipunguza kidogo zile salamu, mtahini naye apate nafasi."

"Sipunguzi," nikamwambia. "Wewe ndiye uliyetufundisha kwamba kazi ya kocha ni kusikiliza. Nenda ukasikilize."