Mume haoni, mke hakuijua njia: Sasa wanawatembeza wageni Bwera

Asubuhi ukungu bado umelala juu ya migomba. Tabisa Kabugho anapanda kilima taratibu, viatu vya mpira miguuni, kitenge kimefungwa kiunoni. Mkono wa mumewe, Asanasio Kathembo, uko begani mwake. Nyuma yao wanafuata wageni watatu waliolala katika nyumba ya wageni iliyo chini barabarani.

"Simameni hapa," Asanasio anasema ghafla. "Munasikia maji?"

Wageni wanatega masikio. Maporomoko bado hayaonekani, lakini yanasikika yakinguruma mbali, nyuma ya mibuni.

Asanasio haoni. Kwa miaka mingi alikuwa mpagazi, akibeba mizigo ya watalii waliopanda milima ya Rwenzori. Kisha presha ya macho ikamnyang'anya nuru, jicho moja baada ya jingine. Daktari alimwambia wazi kwamba iliyopotea haitarudi.

"Nilikuwa mutu wa kubeba wengine," anasema. "Sasa nibebwe mimi? Niliona haya."

Akajifungia ndani. Jirani akibisha, alijifanya amelala. Kanisani aliacha kwenda. Tabisa ndiye aliyebaki kulisha nyumba, akifua mashuka katika nyumba hiyo ya wageni, mali ya Benedicte, mfanyabiashara aliyetoka Butembo, ng'ambo ya mpaka.

"Nilikuwa narudi jioni, nakuta amekaa pale pale nilimuacha asubuhi," Tabisa anakumbuka. "Chai iko baridi, hajagusa. Hiyo ndiyo ilikuwa inaniumiza kuliko kufua."

Vijiji vya juu ya mji wa Bwera vinasifika kwa divai ya ndizi, na wageni waliofika kwa Benedicte kila mara waliuliza ni nini kingine cha kutazama karibu. Siku moja wanawake wawili kutoka Kampala waliuliza, na hapakuwa na wa kuwajibu. Tabisa, akianika mashuka, akajisikia akisema, "Mimi nitawapeleka."

Ukweli ni kwamba hakuwahi kufika kwenye maporomoko. Alizaliwa Karusandara, kwenye tambarare, na tangu aolewe huku milimani njia yake ilikuwa ya shamba, soko na kazini. Jioni ile, wakichambua maharage, akamuuliza mumewe njia.

Asanasio alijibu kwa mkato. Panda kwenye mibuni. Ukifika kwenye mti mkubwa wa mringaringa, shika kushoto.

Kesho yake Tabisa aliutafuta mringaringa hadi akachoka. Mvua ikawakuta katikati ya mashamba ya watu. Walizunguka, wakateleza, wakarudi wamejaa matope, na maporomoko hawakuyaona.

Benedicte aliwapokea mlangoni, akimwita Tabisa kwa jina la bintiye. "Mama Masika, ni nini hii? Wageni beko wanatetemeka! Kama haujue njia, bakia na mashuka yako."

Tabisa alifika nyumbani akilia. Alimweleza mumewe yote: mvua, aibu, mti ambao haukuwapo.

Asanasio alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza, "Pale kwenye kona ya kushoto, ulikuta kitu kimekaa kama meza?"

"Kisiki? Ndiyo, kimeota uyoga, nilikikalia kabisa."

"Basi wameukata," akasema. Halafu akacheka. Alicheka hadi akashika mbavu, na Tabisa, machozi bado mashavuni, akacheka naye. "Mama Masika, uliukalia mti wangu, huku unautafuta!"

Alipotulia akasema jambo ambalo mkewe hakulitegemea. "Kesho tutaenda wote. Nipe bega."

Asubuhi alimshika mkewe begani, wakavuka ua. Tabisa anasema alisikia vidole vikimbana mpaka vikamuumiza, lakini akaendelea kutembea. Njiani walikutana na Yosamu, mpagazi mwenzake wa zamani. Asanasio aliinamisha kichwa.

"Afande!" Yosamu akapaza sauti, kwa utani wao wa mlimani. "Umerudi kazini?"

"Nimerudi," Asanasio akajibu. Kichwa kikainuka.

Siku hiyo walifika kwenye maporomoko, wao wawili tu. Tabisa alimweleza alichokiona, naye Asanasio akamweleza habari iliyo nyuma ya kila alichokitaja. Wiki iliyofuata Tabisa alimwomba Benedicte awajaribu tena, na Benedicte akakubali.

Leo safari yao huishia kwa Evas, jirani anayetengeneza divai. Ndizi zilizoivishwa hukamuliwa kwa nyasi, juisi ikaachwa ichachuke kwenye mapipa yaliyofunikwa majani. Asanasio huwaambia wageni waweke sikio kwenye pipa wasikie divai ikichemka yenyewe. "Inaongea," anasema. "Ikinyamaza, iko tayari."

Benedicte hamfokei tena Tabisa. Amemwajiri mtu mwingine wa kufua. "Wageni banakuja banasema, tunataka ule baba na mama," anaeleza. "Niseme nini? Nilikosea, nikamuomba pardon."

Anachopata sasa kinatosha karo ya watoto, Tabisa anasema, ingawa mvua nyingi zikija wageni huadimika. Lakini ukimuuliza kilichobadilika, hataji fedha. "Chai anaimaliza," anasema.

Sasa wana mpango. Kiangazi kikifika, Yosamu na wapagazi wenzake wameahidi kuwapandisha hadi ukingo mmoja wa Rwenzori, mahali ambapo theluji huonekana karibu kama ukuta wa jirani. Asanasio alipafahamu vizuri. Tabisa hajawahi kufika. Amekwisha kununua sweta mbili za mitumba katika soko la Mpondwe, na anakiri kwamba baridi anaiogopa.

"Nitamwelezea kila kitu," anaahidi. "Vile inang'aa, vile imekaa."

Asanasio anatikisa kichwa. Anamgeukia mkewe, uso wake ukielekea kando kidogo ya pale alipo.

"Ukiiona, usiniambie mara moja," anasema. "Nyamaza kwanza. Nataka kusikia vile utapumua."