Nilivyokisahihisha Kitambaa cha Mama Faraja

Siku isiyonitoka akilini, mwanangu, ni Jumamosi moja ya mwaka 2016, hapa Johannesburg. Nilikuwa nimevuka arobaini, lakini katika kazi hii bado mchanga, na kujiamini kwangu kulikuwa kwa kitoto. Nilitoka Dodoma kuja kusomea ubunifu wa vitambaa katika mtaa wa Braamfontein, na siku hiyo nilifungua maonyesho yangu ya kwanza. Lakini ngoja kwanza nikueleze habari za Mama Faraja.

Mama Faraja alikuwa fundi wa batiki, mzee wa Bukavu, Kongo. Alifanyia kazi katika chumba kimoja nyuma ya duka la vitambaa mtaa wa Fordsburg, na kwa miezi minane nilikwenda kwake kila wiki kujifunza. Rangi hakununua. Alizunguka kwenye mikahawa akiomba maganda ya vitunguu na kokwa za parachichi, akayaloweka hadi maji yakawa ya kahawia na waridi. Alichora kwa nta ya moto, bila rula. Nikiharibu, alicheka tu: "Eish, binti yangu, polepole!"

Alikuwa na mchoro mmoja aliouchora kila mwaka: njia saba zilizokwenda pamoja kutoka pindo hadi pindo. Njia ya nne ilikatika katikati, upana wa kiganja, kisha ikaendelea. Nilimwomba anikopeshe kitambaa chenye mchoro huo nikipige picha. Akanipa bila swali, maana aliniamini.

Picha hiyo niliiingiza kwenye kompyuta. Nikanyoosha mistari iliyopinda, na pale palipokatika nikapaunganisha. Nilidhani mkono wake uliteleza, nami ninamsaidia. Kisha nikachapisha mita nyingi kwa mashine isiyomwaga maji ya rangi mtaroni, kwenye pamba iliyolimwa bila dawa. Nikajisifu kwamba nimeoanisha ufundi wa jadi, kompyuta na utunzaji wa mazingira. Yote hayo yalikuwa kweli, na pengine ndiyo maana hakuna aliyenihoji. Kwenye ukuta wa maonyesho niliandika jina langu peke yake.

Jumamosi ile Mama Faraja alikuja na wenzake wawili wa kanisani, wamevaa vitenge vya sherehe. Akapita polepole mbele ya kitambaa, kidole kikifuata ile njia ya nne. Katikati kikasimama.

"Hapa palikuwa wazi," akasema. "Ni nani alipafunga?"

"Ni mimi, Mama. Nilifikiri ulikosea."

"Sikukosea. Tulikimbia vita tukiwa na watoto saba. Mutoto wa ine alibakia njiani. Hapo ni pake."

Watu walikuwa wakinipongeza na kununua vitambaa huku na huku. Ningeweza kukishusha kitambaa palepale. Ningeweza kupiga magoti. Badala yake nilisema, "Nitarekebisha, Mama, usijali," nikageuka kumsalimu mgeni aliyeniita. Nilipotazama tena, walikuwa wameshaondoka.

Ilinichukua wiki tatu kupata moyo wa kwenda Fordsburg. Nilimwomba radhi nikilia, naye akanisamehe kabisa, hata chai akanipikia. Nikamwambia nitachapisha upya, mchoro ukiwa kama alivyouchora mwenyewe, na jina lake juu. Akatikisa kichwa.

"Acha tu. Watu wanauvaa sasa, na mutoto wangu hayumo."

Mwaka uliofuata nilisubiri auchore. Hakuuchora. Nikamuuliza, akasema mkono umekataa. Mengine yote alinifundisha, kwa upendo uleule, lakini mchoro ule hakuugusa tena mpaka alipofariki.

Mwanangu, sikukatazi kompyuta. Mimi mwenyewe naitumia hadi leo. Nakuomba hivi: ukiona usilolielewa katika kazi ya mtu, dhani kwanza kwamba asiyejua ni wewe, kisha muulize. Jina lake liandike kando ya lako angali hai, alisome kwa macho yake. Na ukimkosea mtu mbele ya watu, mwombe radhi saa ileile, mbele ya watu walewale, hata kama wageni wako watashangaa.

Mungu aibariki mikono yako. Akupe walimu wenye subira, akupe na ulimi mwepesi wa kuuliza. Na akuepushe na msamaha kama niliopewa mimi, ule unaokuacha huru lakini haurudishi kitu.