Ufunguo wa Watu Watano

Mimi naandika polepole, na kuongea kwangu ni taabu zaidi. Ndiyo maana niliupenda mtandao mmoja wa kuchapisha maandishi. Hauna mwenyewe mmoja. Kila kikundi cha watumiaji kina kompyuta yake, na kompyuta hizo hupeana maandishi ya watu. Dada mmoja mgeni, aliyepanga chumba Maisaka, alikuwa akiutengenezea sehemu ya kulipia: msomaji alipe kila mwezi, ndipo afunguliwe maandishi yaliyofungwa. Akaniomba niwe mwandishi wa kwanza kuijaribu.

"Akilipa mmoja, ufunguo tumpe nani?" aliniuliza.

"Yeye na watu wa nyumbani kwake," nikasema. "Kwetu mtu hali chakula peke yake."

Alicheka, lakini akaliweka wazo hilo: anayelipa anaongeza watu wanne. Siku ile nilijiona mtu mkubwa.

Nikaandika lililokuwa likinikaba. Baba alikuwa amenimegea kipande cha shamba letu la Singe, na Jumapili baada ya ibada angewaita majirani washuhudie. Sikukitaka. Nilitaka kujifunza kazi ya yule dada. Niliandika kwamba kipande kile ni mawe matupu, na kwamba ningeondoka kabla ya Jumapili bila kuaga. Wasomaji wachache waliolipa walitumia majina ya kubuni. Nilidhani ni watu wa mbali.

Ijumaa asubuhi tulikuwa tukipalilia mahindi. Baba akasema bila kuinua kichwa, "Kwa hiyo ni mawe matupu."

Jembe likanitoka mkononi.

"Shangazi yako wa Sigino amelipa. Akatuongeza mimi, mama yako na mchungaji."

"Mchungaji naye ni wa nyumbani kwake?"

"Muulize mwenyewe. Yaani wewe umemlipisha dada yangu ili unisengenye?"

Nilikimbia hadi Maisaka. Nilipofika sikuweza hata kusalimia.

"Dada, yafute!"

Akabonyeza. "Hapa nimefuta. Ila yameshafika kwenye kompyuta nyingine, mdogo wangu. Wenye kompyuta hizo naweza kuwaomba tu."

"Kuwaomba?"

"Hakuna wa kuwaamuru."

Nikakaa sakafuni. Miezi yote ile nilikuwa nimeyasikia maneno hayo hayo nikayafurahia. Sikuwahi kufikiri kwamba yanaweza kunihusu mimi.

Nilirudi shambani. Baba alikuwa bado kwenye mstari wake.

"Umefuta?"

"Hayafutiki, Baba."

"Basi sema kwa mdomo. Mimi sina hela ya kulipia kila neno lako."

Sauti ilitoka nyembamba kama ya mtoto. "Silitaki shamba. Nataka kujifunza kompyuta."

Baba aliweka jembe chini. Nilingoja kofi, au laana. Badala yake akaenda ukingoni, kwenye vijiti vya minyaa alivyokuwa amechomeka kuonyesha mpaka wa kipande changu. Akang'oa kimoja, akakitupa. Akang'oa cha pili.

"Anza upande ule," akasema. "Tukutane katikati."

Nikainama, nikang'oa.